Sketi Yangu, Shuka Lao

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na mgeni naye ameanza leo. Sijui kipi kimeniudhi zaidi. Mgeni ni msichana mchoraji, kasomea kuchora chuoni, na Mwalimu Mkuu amemleta kwa muhula huu mmoja ili watoto wa chekechea wachore naye kitu kimoja kikubwa cha pamoja. Nikamwuliza Mkuu, mbona miaka yote hii wanachora na mimi na hakuna aliyelalamika? Akasema, "Na wataendelea kuchora na wewe, Mwalimu. Huyu ni nyongeza tu." Mimi nafundisha wadogo tangu Mkuu mwenyewe anavaa sare na kufungwa viatu.

Watoto walipomwona na ndoo zake za rangi walimzunguka kama wamepewa likizo. Kabla ya mapumziko walikuwa wameshampa jina: Shangazi Rangi. Shangazi wa nani? Kaka yake yuko wapi hapa?

Aliyebaki na mimi ni Gundi peke yake. Huyu ni binti wa mwoka mikate, ana miaka minne, na tangu alipoletwa mwaka jana hajaiachia sketi yangu. Nikienda ubaoni, yupo. Nikienda dirishani, yupo. Jina la Gundi alipewa na mpishi wetu, na mwenyewe analipenda kuliko lake. Mbele ya watu nalalamika kwamba sina hata pa kupumulia. Hapa naandika ukweli: siku akiwa mgonjwa na mkono wake haupo sketini, siku hiyo naiona ndefu kupita kiasi. Leo mkono ulikuwepo. Basi wengine na wachore wanavyotaka.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Matope yamefika mpaka kwenye kabati la vitabu. Shangazi mtu amechelewa nusu saa na hakuna aliyemsema.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimeona hicho kitu kikubwa chenyewe. Ni mashuka. Mashuka makuukuu ameyaomba kwa wazazi, na anataka yashonwe pamoja mpaka yaenee sakafu ya ukumbi wa kulia. Watoto watapiga magoti kuyazunguka, kila mmoja na brashi mbele yake. Yeye atagonga kifuniko cha sufuria. Kikilia, kila mtoto anaacha brashi palepale na kusogea nafasi moja kushoto, anaendeleza alichoanza mwenzake. Mwenzake naye yuko kwa mwingine. Hivyo hivyo mpaka muhula uishe.

Nikamwambia, kwa upole wangu wote, "Sasa mama yake mtoto akija, utamwonyesha kazi gani ya mwanawe?"

"Hakuna ya mtu, Mwalimu. Ni ya wote."

"Mzazi hataki ya wote. Mzazi anataka ya wake."

Akacheka. Ana mwanya, na akicheka watoto nao wanacheka hata kama hawajui kinachochekesha. Kisha akaniuliza kama nitakuwa na nafasi yangu kwenye duara, akisema walimu nao wanaruhusiwa. Nikamjibu kwamba magoti yangu si ya kuchezea.

Darasani kwangu kuta zimejaa kazi nzuri. Mimi nachora ua, mtoto anapaka rangi ndani ya ua, na akitoka nje ya mstari nairekebisha mwenyewe akishaenda nyumbani. Wazazi wanasimama mlangoni wanasifu. Sijawahi kuona ubaya wake.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetoka sokoni nimeloa, naingia ndani nakuta mume wangu kainamia cherehani, na mashuka yamejaa chumba kizima. Mume wangu ni fundi nguo. Yule binti alijua vipi? Kumbe alimwuliza mpishi nani anashona, na mpishi, mdomo wake hauna kufuli, akamwelekeza mpaka mlangoni kwangu.

"Unamshonea bure?" nikauliza.

"Ni ya watoto, mke wangu. Halafu ni msichana mzuri, ana adabu. Alinyoosha pindo zote mwenyewe kabla hajanipa."

"Mimi nikikuomba upunguze mapazia unaniambia foleni ni ndefu."

"Mapazia yako hayana haraka."

Nimenuna mpaka jioni. Aliniletea chai kitandani, nikainywa huku nimenuna.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya kwanza ya shuka. Vurugu tupu. Kifuniko kilipolia hakuna aliyetaka kuacha alichoanza. Mmoja alilia, mmoja alimng'ata mwenzake begani, mwingine akalala juu ya mchoro wake ili usichukuliwe. Nilisimama mlangoni na Gundi sketini, na sitajisingizia utakatifu: roho yangu ilifurahi.

Alhamisi, 13 Machi

Wameshazoea. Kifuniko kikilia wanapiga kelele wote, "Sogea," na wanasogea. Siku mbili tu. Mimi kuwafundisha kupanga foleni ya kunawa mikono kulinichukua miezi.

Jumatatu, 17 Machi

Baada ya chakula cha mchana ukumbi ulikuwa mtupu, shuka limeanikwa karibu na jiko ili likauke. Kwa mvua hizi hakuna kinachokauka. Nikaliangalia. Kuna kitu cha kijivu chenye miguu mingi, nadhani ni paka. Hakina macho. Nikachukua brashi nikampa macho mawili mazuri na sharubu. Pembeni nikaweka ua dogo, kwa sababu pale palikuwa pameachwa wazi tu, bila faida. Nikaosha brashi, jambo ambalo Shangazi hajifunzi kulifanya.

Mpishi alinichungulia kutoka kwenye moshi wake. "Mwalimu, wewe unaiba kwa kuongeza."

"Nasaidia."

"Haya. Nimesema kitu?"

Jumanne, 18 Machi

Zamu ya tatu, mvulana mmoja alifika kwa paka wangu. Akamtazama sana. Kisha akachovya brashi kwenye rangi ya matope na kumfuta wote, macho, sharubu na ua, akasema, "Huyu alikuwa wingu bwana, nani amemharibu?" Shangazi Rangi alinitupia jicho, mara moja tu, kisha akajitia hajaona. Heri angenisema. Huo wema wake ndio unaoniingia mwilini kama mwiba.

Alhamisi, 20 Machi

Nahitaji kuandika polepole.

Leo nilisimama mahali pangu mlangoni. Kifuniko kililia, watoto wakasogea, na mtoto mmoja alikuwa hayupo kwa sababu ya mafua, hivyo palikuwa na nafasi. Nilisikia sketi yangu imekuwa nyepesi. Nilipotazama chini hapakuwa na mtu. Gundi alikuwa ameshavuka ukumbi, amepiga magoti kwenye ile nafasi, ameshika brashi kwa mikono miwili.

Hakuniuliza. Hakugeuka. Kifuniko kilipolia akasogea, kikalia tena akasogea, na alipofika upande wa pili wa shuka, akiwa ananitazama kabisa usoni, hakuwa ananiona. Ulimi umetoka pembeni, shavu lina samawati. Nimemlea yule mtoto sketini zaidi ya mwaka mzima na sijawahi kumwona na uso ule.

Shangazi Rangi alinijia akanong'ona, "Umeona, Mwalimu? Amekwenda mwenyewe." Alifikiri ananipa habari njema. Nikasema nimeona. Nikaenda stoo nikajifanya natafuta chaki, nikakaa humo mpaka macho yalipokauka.

Nina watoto wangu wawili, wazima, wako mbali, wanapiga simu Jumapili. Walipoondoka nyumbani sikulia hivi. Wale walikuwa na haki ya kuondoka. Huyu ana miaka minne, anakwenda wapi?

Ijumaa, 21 Machi

Alinishika sketi asubuhi, dakika chache, mpaka ndoo zilipoingia.

Jumatatu, 24 Machi

Mwoka mikate humleta mwanawe akitoka kazini, alfajiri yake ndiyo jioni yake, nyusi bado zina unga. Leo alisimama chini ya bati akikung'uta mwavuli, akaniuliza, "Anaendeleaje mwenzio?" Hivyo ndivyo anavyomwita kwangu. Mwenzio.

Sikupanga. Nitaapa popote kwamba sikupanga. Nilifungua mdomo nikasema, "Anaendelea vizuri, ila anakohoakohoa tangu walipoanza zile rangi. Harufu yake ni kali, na ukumbi una unyevu."

Akatoa macho. "Nyumbani hajakohoa."

"Huku anakohoa. Labda ningekuwa wewe ningemweka mbali na shuka kidogo. Mimi nitakaa naye darasani."

"Asante, Mwalimu. Asante sana. Sisi tungejuaje?"

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Mkono wangu ulibaki na unga, nikaupangusia kwenye sketi.

Jumatano, 26 Machi

Yupo na mimi. Siku nzima, mkono sketini. Tumehesabu vifungo, tumepanga vitabu. Nimemwimbia. Ndicho nilichokitaka na nimekipata.

Alhamisi, 27 Machi

Kelele za "Sogea" zinasikika mpaka darasani kwetu. Kila zikisikika, sketi inavutika kidogo upande wa mlango.

Ijumaa, 28 Machi

Mpishi aliniuliza, "Huyo mtoto anakohoa saa ngapi? Mimi namlisha kila siku, sijamsikia."

Nikamwambia akapike.

Jumatatu, 31 Machi

Gundi ametoka nyumbani na harufu kali ya dawa ya kupaka. Nikamwuliza. "Ya kifua," akasema. "Inaunguza. Mama anasema nisilie." Nikajitia kutafuta kitu dirishani. Mvua ilikuwa inanyesha vilevile.

Jumanne, 1 Aprili

Shangazi Rangi alikuja darasani watoto wengine wakiwa chooni wananawa. Alisimama akisugua rangi iliyoganda kwenye kucha.

"Mwalimu, nimebadilisha rangi. Hizi ni za maji matupu, hazina harufu, hata ukinusa. Nimefungua na madirisha. Hawezi kujaribu hata zamu mbili?"

"Baba yake amekataa."

"Nikiongea naye mimi?"

"Mzazi ameshasema, binti yangu. Huku hatuwapandi wazazi kichwani."

Nilimwita binti yangu kwa ile sauti ambayo wanawake wa umri wangu huitumia kumfunga mtu mdomo. Akafunga. Alipogeuka, nikaona mabega yake yamelegea, na badala ya kufurahi nilimwonea wivu hata hapo, kwamba anaweza kusikitika kwa ajili ya Gundi bila kuwa na cha kuficha.

Alhamisi, 3 Aprili

Paa la darasa letu limevuja na Mkuu ametuhamishia kwenye kona ya ukumbi, mimi na Gundi, tukae kwenye benchi wakati wenzetu wanachora. Kwa hiyo leo nimelazimika kukaa saa nzima nikitazama nilichokuwa nakisikia tu.

Duara limejaa, ila sehemu moja kuna pengo. Nafasi ya mtoto mmoja, na brashi imelala pale bila mtu. Nikadhani kuna mgonjwa. Kifuniko kikalia, wakasogea wote, na pengo nalo likasogea. Kikalia tena. Pengo likaenda tena. Yule aliye kushoto kwa pengo na yule aliye kulia wanaliacha kwa uangalifu, kama mtu mwenyewe amekaa pale. Yule mvulana aliyemfuta paka wangu alimsukuma mwenzake aliyelisogelea sana: "Usimkanyage."

Nikamwuliza Shangazi Rangi, umewafundisha wewe? Akasema, "Hapana. Niliwaambia wabanane, wakakataa. Wanasema hapo pana mtu."

Pengo lilizunguka mpaka likafika upande wetu, mbele ya benchi kabisa. Gundi alilinyooshea kidole, akanieleza taratibu kama anavyomweleza mtu asiyejua mambo.

"Pale ndio mimi."

Kifuniko kikalia, naye akalifuata kwa macho mpaka likapotea nyuma ya migongo ya wenzake. Hakulia. Mkono wake ulikuwa sketini kwangu, umelegea, kitu kilichosahauliwa mahali.

Nimewaonea wivu watu wengi msimu huu: msichana mwenye mwanya, mume wangu na sindano yake, mvulana mwenye rangi ya matope. Leo nimejikuta nalionea wivu pengo. Linakwenda na watoto, wanalitunza, wanajua ni la nani. Na mimi ndiye niliyelitengeneza.

Ijumaa, 4 Aprili

Nilimsubiri mwoka mikate getini mapema, kwenye mvua, nisije nikapata nafasi ya kubadili mawazo.

Nikamwambia moja kwa moja. "Mwanao hajawahi kukohoa hapa."

Hakuelewa. "Amepona?"

"Hakuwahi kuumwa. Nilikudanganya."

Gundi alikuwa mgongoni kwake, ndani ya koti, akicheza na ukosi wa baba yake.

"Kwa nini?" akauliza.

"Nilitaka abaki na mimi. Alikwenda kuchora, nikaumia."

Nilitegemea agombe. Ningejua la kufanya na mtu anayegomba. Yeye alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Tunampaka ile dawa kila siku. Analia, tunamshika mikono. Mimi nilikuwa napitia nyumbani kumchukua, nakaa naye kazini muda wa saa moja kabla ya shule, yuko juu ya magunia ananitazama nikitoa mikate. Ndiyo saa pekee ninayompata. Nimeacha kumpeleka. Nilidhani ni vumbi la unga. Nilidhani ni mimi ninayemuumiza."

Akavuta koti limfunike Gundi vizuri, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, wewe nilikuamini kuliko daktari."

Alimshusha Gundi, akamkabidhi kwa mpishi aliyekuwa anapita na ndoo, si kwangu, akaenda zake ofisini kwa Mkuu.

Ijumaa, baadaye

Mkuu hakupandisha sauti. Kasema kuanzia Jumatatu Gundi atakuwa chumba cha pili, kwa yule mwalimu kijana. Baba ameomba, naye amekubali. Kuhusu mimi, wataongea na bodi baada ya muhula. Nikamwuliza kama nitaruhusiwa kumuaga. Akasema, "Mwalimu, anahamia mlango wa pili, hasafiri." Yeye aliona ni mzaha wa kunituliza.

Nyumbani nilimweleza mume wangu yote. Alizima cherehani. Akasema, "Mimi ningekupunguzia yale mapazia siku ile ile, labda mambo yasingefika huku." Nikacheka, kisha nikalia, naye akaniachia nilie bila kunishika, kwa sababu ananijua.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua imepungua. Gundi amerudi kwenye duara. Sikumwona, niliwasikia tu. Walipiga kelele ambazo hazikuwa za "Sogea," kisha kicheko cha yule msichana juu ya vyote. Mpishi alikuja kunipa habari bila kuulizwa: walipomwona, wote walisogea kumwonyesha mahali pake palipofikia, kama watu waliokuwa wanamtunzia kiti.

"Na yeye?" nikauliza.

"Yeye nini? Kapiga magoti kaanza."

Koridoni tulikutana, yuko kwenye foleni ya chumba cha pili, kashika shati la aliye mbele yake kama wenzake wote. Akanipungia. Nikampungia. Mwalimu wake mpya alitabasamu, nikamchukia mpaka kwenye kona, kisha nikaacha, nimechoka.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo ndiyo siku ya mwisho ya shuka. Jua limetoka, wakalitandaza uwanjani juu ya majani yenye maji. Ni kubwa kuliko nilivyodhani. Sitasema ni zuri. Lina matope mengi, na kuna mahali nadhani ni nyumba, au ni meli, au ni jino. Wazazi wamealikwa saa sita. Watoto wamepewa zamu za mwisho kabla ya hapo.

Sasa mimi na Gundi hatuna darasa moja, wala benchi moja. Kama nataka kuwa karibu naye, ni hapo tu. Nilikwenda kwa Shangazi Rangi, aliyekuwa anaosha brashi, hatimaye, nikamwambia, "Ile nafasi uliyonipa mwezi uliopita, bado ipo?"

Alinitazama. Anajua yote, shule nzima inajua. Angeweza kunijibu vyovyote. Akasema, "Magoti je?"

"Yatajijua yenyewe."

Alinipisha katikati ya watoto. Sikuchagua mahali, naapa, au nilichagua kidogo. Kulia kwangu alikuwa Gundi. Aliniona napiga magoti kwenye maji, sketi inaloa, akarudi kwenye kazi yake.

Mbele yangu kulikuwa na doa la kijani la mtu. Nikashika brashi. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kile unachokijua: petali, petali, petali, kikonyo. Ua zuri, mistari imenyooka, la kuwekwa ukutani. Nilikuwa naanza majani kifuniko kilipolia, na watoto wakapiga kelele yao. Nikajifanya sijasikia. Nilitaka kumaliza, na nilitaka akiwa pembeni yangu aone.

"Mwalimu."

Gundi alikuwa amesimama juu yangu, mikono imejaa rangi. Hakuwa amekasirika. Alisema kama anavyomwambia yeyote anayechelewa.

"Sogea. Hapo sasa ni pangu."

Nikaiacha brashi palepale, nikasogea. Yeye akapiga magoti nilipotoka, akachovya samawati, na kupaka juu ya kila nilichokiweka, petali zote, polepole, ulimi umetoka pembeni. Iliniuma, sidanganyi. Sikumwambia kitu. Nikageukia kilichokuwa mbele yangu, mkwaruzo mwekundu wa mtoto nisiyemjua, nikauendeleza bila kuujua ni nini. Kifuniko kilipolia tena, nilisogea kabla hajaniambia.